Uvimbe wa Miguu ya Punda na Farasi

Mazungumzo ya leo ni habari ya uvimbe wa miguu ya punda na farasi, hasa ule uvimbe mdogo ambao watu wengi huuona asubuhi, wakautazama kidogo, kisha wakamtwika mnyama mzigo wakaenda zao. Wengine hufanya kinyume chake: wauonapo tu hukimbilia chuma cha moto au kisu. Wote wawili hukosea, na anayelipa kosa lao ni mnyama asiye na ulimi wa kusema. Nia yangu ni kueleza uvimbe hutokana na nini, jinsi ya kupambanua ulio mdogo na ulio wa hatari, na mambo ambayo mwenye mnyama aweza kuyafanya mwenyewe nyumbani kwa maji, kitambaa na saburi.

Labda mtu atauliza, Je, mguu wa punda ni jambo kubwa hata lizungumzwe mbele ya watu? Twasema asante ya punda ni mateke. Walakini tukifanya hesabu ya haki tutaona ya kuwa deni liko upande wetu. Katika vichochoro vya Lamu, ambamo gari haliwezi kupita, punda ndiye abebaye mawe, saruji, mchanga na vyakula. Katika nchi kavu za bara ndiye aletaye maji. Siku alemaapo, maji hayo hayakosi kuhitajiwa. Hurudi mgongoni mwa mama, au mgongoni mwa binti aliyepaswa kuwa darasani. Basi mguu mmoja wa punda waweza kumtoa mtoto shuleni.

Tena punda si rahisi kumpata kama zamani. Katika Kenya, hesabu ya mwaka 2009 ilionyesha punda wapatao milioni 1.8, hesabu ya mwaka 2019 ilionyesha wapatao milioni 1.2. Tangu mwaka 2016 machinjio ya punda yalifunguliwa nchini humo kwa ajili ya biashara ya ngozi, na watu wengi waliibiwa wanyama wao usiku. Jambo hili liliwasumbua watu wa nchi nyingi, hata katika Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi katika bara zima. Kwa hiyo aliye na punda leo na amtunze, maana akimpoteza huenda asipate mwingine.

Tuanze na mguu wenyewe. Ninyi wanafunzi, mkipata nafasi mtazameni punda aliyesimama, mkaulinganishe mguu wake wa mbele na mkono wenu. Kile kiungo tukiitacho goti la punda kwa kweli ni kifundo cha mkono, pale mvaapo saa au bangili. Mfupa mrefu ulio chini yake ni mfano wa mfupa wa kiganja, na ukwato ni ukucha wa kidole kimoja tu, kidole cha kati. Yaani punda na farasi husimama juu ya ncha za vidole vinne, kimoja kwa kila mguu, na juu ya vidole hivyo huchukua uzito wote wa mwili pamoja na mzigo wetu.

Sasa angalieni jambo la pili. Chini ya goti hakuna mnofu. Kuna mfupa, kano, mishipa na ngozi tu. Moyo huisukuma damu mpaka chini kwenye ukwato, lakini kuirudisha juu ni kazi nyingine. Katika mguu wa mtu, misuli ya shavu la mguu huikamua mishipa tutembeapo, damu ikapanda. Punda hana misuli huko chini. Badala yake Mungu amempa ukwato: kila akanyagapo, ukwato hutanuka kidogo, na ile sehemu laini yenye umbo la pembe tatu iliyo chini yake hubanwa, na damu husukumwa kurudi juu kama maji katika bomba la kisima. Pamoja na damu kuna maji mengine mepesi yatokayo katika mishipa midogo na kuzunguka nyama za mwili. Wataalamu huyaita limfu. Haya nayo hurudi kwa njia zake nyembamba, wala hayana moyo wa kuyasukuma, hutegemea mwendo.

Mkilifahamu hilo, mmefahamu nusu ya mazungumzo haya. Mnyama akifungwa mahali pamoja usiku kucha na mchana kutwa bila kutembea, maji hayo hutuama chini, na miguu hujaa, kama vile miguu ya msafiri aliyekaa garini siku nzima. Uvimbe wa namna hii huonekana zaidi katika farasi wafungiwao bandani, lakini punda aliyefungwa kwa kamba fupi naye hupatwa. Huo si ugonjwa mkubwa. Walakini uvimbe waweza pia kutokana na kuteguka, kupigwa, kuchomwa na mwiba, jeraha lililoingia uchafu, au maradhi ya mwili mzima. Kwa macho ya haraka zote hufanana. Kazi ya mwenye mnyama ni kuzipambanua, nami nitawapa maswali manne ya kujiuliza.

Swali la kwanza: Umevimba mguu mmoja au miwili? Miguu miwili ya nyuma ikijaa sawasawa baada ya kusimama sana, mara nyingi sababu ni kukosa mwendo. Mguu mmoja peke yake ukivimba, tafuta sababu katika mguu huo huo. Na miguu yote minne ikivimba, pamoja na uvimbe chini ya tumbo, na mnyama amekonda, hapo tatizo haliko mguuni. Huenda ni njaa, minyoo, au ugonjwa wa viungo vya ndani, na yafaa daktari wa mifugo amwone.

Swali la pili: Je, mguu una moto? Upapase kwa mgongo wa mkono, kisha upapase mguu wa pili mahali pale pale, ukalinganishe. Fanya hivyo asubuhi kabla ya jua na kabla ya kazi, kwa maana jua na mwendo hupasha moto miguu yote. Uvimbe wa kusimama huwa baridi. Uvimbe wenye moto ni dalili ya kuumia au ya uchafu ulioingia mwilini.

Swali la tatu: Ukibonyeza huwaje? Bonyeza polepole kwa kidole gumba, uhesabu mpaka tano, uachie. Likibaki shimo dogo, na mnyama ametulia bila kuuvuta mguu, ni maji yaliyotuama. Akiunyanyua ghafula au akigeuka kukuuma, kuna maumivu, nawe uangalie zaidi.

Swali la nne: Je, achechemea? Mtu mmoja amtembeze mnyama kwenye ardhi ngumu iliyo sawa, kamba ikilegezwa ili kichwa kiwe huru, nawe umtazame. Mguu mbaya wa mbele ukanyagapo, kichwa huinuka. Mguu mzima ukanyagapo, kichwa huinama. Kwa miguu ya nyuma tazama nyonga, uone ni upi upandao na kushuka zaidi. Hapa nawaomba mkumbuke tabia ya punda. Farasi akiumwa huonyesha; punda huficha. Atasimama kimya, atatafuna kidogo, na mwenyewe atasema hana neno. Basi mwangalie kwa mambo madogo: amejitenga na wenzake, masikio yamelegea, halishi kama jana, analala sana, au anauhamisha uzito kutoka mguu huu kwenda huu. Punda anayechechemea waziwazi ameumia sana.

Ikiwa majibu yako ni haya, kwamba miguu ni miwili, ni baridi, haiumi, wala hachechemei, dawa yake ni mwendo. Mtembeze polepole bila mzigo kwa muda wa dakika ishirini au thelathini, nawe utaona uvimbe ukipungua mbele ya macho yako. Kisha ondoa sababu: mwache huru katika ua, au mrefushie kamba, apate kuzunguka. Usipopungua baada ya siku mbili au tatu za mwendo mzuri, tafuta sababu nyingine.

Kuna pia vifuko laini vya maji vitokeavyo pande mbili za mguu, juu kidogo ya kifundo kilicho karibu na ukwato. Huonekana sana kwa wanyama wazima waliofanya kazi miaka mingi. Vikiwa baridi, haviumi, na mnyama hachechemei, viacheni. Kuvitoboa ni kufungua mlango wa uchafu kuingia kwenye kiungo, na hapo mnyama aweza kupotea.

Ikiwa ni mguu mmoja, una moto kidogo, umegongwa au umeteguka, na mnyama achechemea kidogo tu, fanya hivi. Kwanza mpumzishe, asibebe wala asivute kitu. Pili poza mguu kwa maji baridi: yamiminwe au umsimamishe majini, kwa muda wa dakika kumi na tano hata ishirini, mara tatu kila siku, kwa siku mbili za kwanza. Aliye karibu na mto au bahari ana dawa bila gharama, maadamu hakuna jeraha wazi na mahali ni salama. Maji baridi hubana mishipa, hupunguza maji yamwagikayo ndani, na hutuliza maumivu. Tatu, moto ukiisha, anza kumtembeza kidogo kidogo, kila siku ukiongeza.

Kufunga kitambaa husaidia, lakini kufunga vibaya hudhuru kuliko kutofunga. Weka kwanza pamba safi, nene, iliyo sawa kuzunguka mguu wote. Juu yake zungusha kitambaa chenye upana wa kiganja, kwa nguvu zile zile kila mzunguko. Kidole kiweze kupita kati ya kitambaa na mguu. Fundo lisikae juu ya kano za nyuma. Fungua asubuhi na jioni utazame ngozi. Kamwe usitumie uzi, kamba, wala mpira wa gurudumu, maana hukata damu na kuozesha mguu. Usiyejua kufunga, bora uache, uendelee na maji.

Atarudi kazini lini? Si siku uvimbe upunguapo, bali siku mguu usipokuwa na moto wala maumivu, naye atembea sawasawa. Na hata hapo aanze kwa nusu ya mzigo. Haraka haraka haina baraka. Hasa jihadhari na uvimbe ulio nyuma ya ule mfupa mrefu, mahali pa kano. Kano ni mfano wa kamba yenye nyuzi nyingi. Nyuzi zikikatika chache, mnyama aweza bado kutembea, na mwenyewe hudhani amepona. Akitwikwa tena, nyuzi zilizobaki hukatika pia. Kano iliyoumia sana huhitaji miezi tisa hata mwaka mzima kupona.

Sasa nataka kusema habari ya chuma cha moto. Desturi ya kuchoma miguu iliyovimba ni ya kale, wala si ya Afrika peke yake. Huko Uingereza nako waganga wa wanyama waliwachoma farasi wa mashindano kwa miaka mingi, wakiamini ya kuwa moto huimarisha kano. Ndipo mwaka 1983 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Bristol walipochapisha uchunguzi wao, wakaonyesha kwamba kuchoma hakuponyi kano. Kwa nini basi watu waliona kama kwafaa? Kwa sababu mnyama aliyechomwa hupumzishwa kwa miezi mingi, na ni pumziko lililomponya, si moto. Mtu aweza kumpa mnyama pumziko lile lile bila kumtesa. Kadhalika kuchanja uvimbe ili kutoa damu mbaya hakuna faida. Hakuna damu mbaya mle, ila maji tu. Tena usimpe mnyama vidonge vya watu, wala usimpake mafuta ya gari au dawa kali za kuunguza ngozi.

Yako mambo ambayo maji na saburi havitoshi, na hapo yakupasa umwite daktari wa mifugo upesi. La kwanza ni mnyama asiyeweza kukanyaga kabisa. Huenda mfupa umevunjika, au usaha umejaa ndani ya ukwato kwa ajili ya mwiba au msumari. Usaha ukiwa ndani ya ukwato, mara nyingi uvimbe hupanda juu ya ukwato, na ukishika mishipa iliyo pande mbili nyuma ya kifundo utausikia mpigo ukigonga kwa nguvu, ambao katika mguu mzima ni vigumu kuusikia. La pili ni mguu uliovimba ghafula kama gogo toka chini hata juu, wenye moto na maumivu, pamoja na homa. Mwenye kipimajoto na akumbuke: joto la punda mkubwa mwenye afya, lipimwapo katika njia ya haja kubwa, ni kati ya 36.2 na 37.8, la farasi ni kati ya 37.5 na 38.5. La tatu ni jeraha karibu na kiungo, hasa likitoa maji ya manjano yenye kuteleza kama ute wa yai. Hayo ni maji ya kiungo chenyewe, nalo ni jambo la saa, si la siku.

La nne ni vinundu vinavyofuatana mguuni kama shanga katika uzi, vikapasuka na kutoa usaha. Huenda ni ugonjwa wa kuambukiza wa njia za limfu, uletwao na kuvu, ambao umewasumbua sana farasi wa kuvuta magari katika nchi ya Uhabeshi, yaani Ethiopia. Mnyama huyo atengwe na wenzake, wala vitambaa na matandiko yake yasitumiwe kwa mwingine.

La tano limo katika lugha yetu wenyewe. Ugonjwa ule ukazao misuli na kufunga taya tunauita pepopunda. Ni kweli punda na farasi hushikwa nao upesi, kwa maana vijidudu vyake hukaa udongoni na katika samadi, huingia kwa jeraha dogo la mguu, hasa lile lenye tundu jembamba na refu kama la msumari. Iko chanjo ya kuuzuia. Mnyama aliyechomwa mguu, hata kama tundu limejifunga, mwambie daktari habari zake.

Katika kisiwa cha Lamu iko zahanati ya punda iliyoanzishwa mwaka 1987, na watu wa huko wamezoea kuwapeleka wanyama wao. Mahali pengi hakuna zahanati ya namna hiyo, lakini yuko afisa wa mifugo. Mjue alipo kabla ya siku ya shida.

Mwisho, tuseme habari ya kuzuia, maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Tuanze na mzigo. Wataalamu wengi hushauri mzigo wa mgongoni usizidi theluthi moja ya uzito wa mnyama. Wanafunzi, fanyeni hesabu pamoja nami. Punda wetu wengi wana uzito upatao kilo 150. Theluthi yake ni kilo 50. Debe moja la lita 20 za maji lina kilo 20. Madebe mawili ni kilo 40, na punda ataweza. Madebe manne ni kilo 80, na amezidishiwa kilo 30, kila siku, juu ya vidole vinne. Safari mbili za madebe mawili humaliza kazi ile ile, na punda atakutumikia kwa miaka mingi zaidi.

Kisha kamba. Watu wengi hufunga mguu wa punda kwa kamba nyembamba ya nailoni, nayo hukata ngozi, jeraha likaingia uchafu, mguu ukavimba. Mfunge kwa hatamu ya kichwani. Na ikiwa huna budi kumfunga mguuni, tumia kitambaa kipana na laini, ukibadili mguu kila siku. Tena, kila jioni inua kwato zake nne, uondoe mawe, matope na miiba kwa kijiti kisicho na ncha kali. Wakati wa mvua asisimame matopeni mchana na usiku, maana ngozi ya nyuma ya kifundo hupasuka, na kwenye nyufa hizo huingia uchafu uvimbishao mguu. Kwato nazo zikatwe zikizidi urefu, kwa sababu ukwato mrefu huvuta kano kila hatua.

Basi, wasikilizaji wangu, kesho asubuhi kabla ya kumtandika mnyama wako, inama. Pitisha mkono katika miguu yake minne toka juu hata chini, ukilinganisha mmoja na mwenziwe. Kazi hiyo haichukui hata dakika mbili, wala haihitaji fedha. Atakayeifanya kila siku ataujua mguu mzima jinsi ulivyo, na siku utakapobadilika mkono wake utamwambia kabla jicho halijaona. Kwaherini.